Kabla Hujasema Kavunjika Mkono, Angalia Vidole Kwanza

Leo naanza na ule umbea uliotikisa Omurushaka, maana najua wengi mliusikia nusu nusu na hamkuambiwa ulivyoisha.

Kuna MC mmoja wa sherehe, jina lake kapuni, ambaye ukiwa na harusi ya maana huku kwetu lazima umtafute. Jumamosi moja alipiga kazi mpaka usiku mkubwa. Wageni walipoondoka yeye akabaki na wana, bia zikaisha, wakahamia kwenye rubisi. Mwishowe akalala palepale kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia ameuning'iniza nyuma ya kiti, uzito wote wa kwapa umekalia ukingo wa kiti. Akalala hivyo mpaka jogoo.

Asubuhi anaamka, mkono umekufa. Kiganja kinaning'inia kama jani la mgomba lililokauka. Akijaribu kukinyanyua, wapi. Akitaka kunyoosha vidole, wapi. Na cha ajabu, hakuna maumivu kabisa!

Basi bwana, mnatujua sisi. Mpaka Jumatatu mji mzima ulishakubaliana kwamba kalogwa. Mlogaji alishapatikana, ni MC mwenzake ambaye siku hizi ameanza kuchukua wateja. Watu walishataka kwenda kumtoa mwenzao nyumbani kwake. Aliyeokoa jahazi ni dada yake MC, alimshika ndugu yake akampeleka hospitali. Daktari hakuuliza habari za wachawi. Aliuliza swali moja tu: "Ulilalaje?"

Kumbe kuna mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, ukapita kwapani, ukauzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma, halafu ukashuka hadi kwenye misuli inayonyanyua kiganja na kunyoosha vidole. Ukiubana kwa masaa mengi unalala. Wazungu wana jina lake kabisa, wanauita ugonjwa wa Jumamosi usiku, maana nao walevi wao hulala kwenye viti. MC alipewa kifaa cha kushikilia kifundo kisining'inie, akafundishwa mazoezi, akaambiwa avumilie. Kama miezi miwili baadaye alikuwa ameshika maiki tena. Yule mwenzake hadi leo hajaombwa msamaha, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Nimeianza na hii kwa sababu moja. Tatizo la MC lilikuwa juu, karibu na kwapa, ila lilijionyesha chini, kwenye vidole. Na hilo ndilo ninalotaka mlishike leo: mkono ukiumia popote, vidole ndio hutoa taarifa. Asiyejua kuzisoma taarifa hizo anaweza kupoteza mkono ambao ulikuwa wa kupona.

Niwe muwazi, mimi si daktari. Mimi ni mtoto wa Kyerwa niliyemaliza kidato cha nne nikaanza kublogu kwa simu. Lakini nina binamu ambaye ni nesi, nina mdomo wa kuuliza maswali, na nimeishi katikati ya watu wanaokula kwa mikono yao. Huku kwetu mkono ndiyo ajira. Shamba la kahawa ni mkono, migomba ni mkono na panga, maharage ni mkono na jembe, kuchimba bati kule Syndicate ni mkono, kuendesha bodaboda ni mkono, kusuka ni mkono. Mtu akipoteza mkono hapa amefukuzwa kazi zote kwa siku moja.

TATIZO LINAANZIA KWENYE NENO

Kwa Kiswahili mkono ni kuanzia begani mpaka ukucha. Kwa Kinyambo vilevile, omukono ni omukono. Mtu akianguka tunasema "kaumia mkono" au "kateguka mkono", tumemaliza. Na kwa sababu neno ni moja, na dawa tunaifanya moja: vuta, sugua na mafuta, funga kwa nguvu.

Sasa hebu ushike mkono wako mwenyewe tutembee nao, nikuonyeshe kwamba ni vitu vingi.

Anza juu. Ule mfupa mwembamba unaopita mbele kutoka katikati ya kifua hadi begani ni mtulinga. Huo ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono na kiwiliwili, vingine vyote ni misuli. Ndiyo maana dereva wa bodaboda akirushwa akafikia bega, mtulinga huvunjika haraka sana. Nyuma kuna ule mfupa mpana kama sahani, bapa la bega. Hapo kwenye bega lenyewe, kichwa cha mfupa wa mkono wa juu kimekaa kwenye kishimo kifupi mno, mfano wa mpira uliowekwa juu ya kisahani cha chai. Faida yake ni kwamba unaweza kuuzungusha mkono pande zote, ukachuma kahawa juu na ukajikuna mgongo. Hasara yake ni kwamba bega ndilo kiungo kikubwa kinachochomoka kirahisi kuliko vyote mwilini, na mara nyingi huchomokea mbele.

Shuka mpaka kwenye kiwiko. Pale unapojigonga mlangoni ukasikia shoti ya umeme hadi kidole cha mwisho, kile si kifupa kama tunavyodhani. Ni mshipa wa fahamu unaopita juu juu nyuma ya kiwiko. Mbele ya kiwiko, upande unaokunja, unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha kila kitu chini yake. Mkumbuke huo, tutaurudia.

Kuanzia kiwiko hadi panapovaliwa saa kuna mifupa miwili sambamba, mmoja upande wa gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Ukigeuza kiganja juu na chini, mmoja unauzunguka mwenzake. Kifundo cha mkono kina vifupa 8 vidogo kama changarawe. Kiganja kina 5. Vidole vina 14, yaani gumba ina 2 na vingine vina 3 kila kimoja. Jumlisha na ile mitano ya juu unapata mifupa 32 kwa mkono mmoja. Na ajabu nyingine, ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ipo kwenye kigasha, inavuta vidole kwa kano ndefu kama kamba za breki za baiskeli. Kunja vidole vyako huku umeshika kigasha, utaisikia ikicheza.

Kwa hiyo kidole ni mwisho wa safari. Damu imetoka moyoni, fahamu imetoka shingoni, nguvu imetoka kigashani. Njia ikikatika popote, kidole kinajua.

MTOTO WA MPARACHICHI

Sasa niwape stori ambayo huwa siiwezi kuisimulia nikiwa nacheka.

Kuna mtoto upande wa Kyerwa, wakati huo alikuwa na miaka saba. Alipanda mparachichi, tawi likakatika, akaanguka akiwa ametanguliza kiganja kama wote tunavyofanya tukianguka. Mfupa ukavunjika pale juu kidogo ya kiwiko. Kwa watoto wa umri huo wanaoanguka kutoka juu, hapo ndipo panapovunjika mara nyingi sana. Kiwiko kikavimba kikawa kama embe.

Ilikuwa jioni, mvua inanyesha, njia ni utelezi. Mzee mmoja anayeunga mifupa yupo hapo hapo kijijini. Wazazi wakaona hospitali ni mbali, nauli ni hela, na mzee anajulikana. Mzee akauvuta mkono, akausugua, akauzungushia vipande vya mwanzi, akakaza na kitambaa. Alikaza kweli kweli ili mfupa usicheze.

Mtoto alilia usiku kucha. Kila mtu akasema ni kawaida, mfupa lazima uume. Asubuhi analia zaidi. Mama akijaribu kumnyoosha vidole, mtoto anapiga kelele mpaka majirani wanakuja. Vidole vimevimba, vya baridi, chini ya kucha kumepauka. Siku ya pili kilio kikapungua. Nyumba nzima ikashukuru Mungu, wakajua anapona.

Wadau, hapo ndipo palipo na uchungu wote. Kilio hakikupungua kwa sababu ya kupona. Kilipungua kwa sababu mishipa ya fahamu ilishaanza kufa.

Walimfikisha hospitali siku ya nne. Leo ana miaka kumi na miwili. Mfupa wenyewe uliunga vizuri tu, mzee hakudanganya kuhusu mfupa. Lakini vidole vyake vimejikunja kama makucha ya mwewe, havinyooki. Kalamu anashika kwa mkono wa kushoto. Jembe hawezi. Wenzake wamempa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Kilichotokea ni hiki. Mfupa ukivunjika, damu na maji hujaa ndani, mkono unavimba. Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya ngozi ngumu nyembamba kama nyama iliyoshindiliwa kwenye mfuko. Ukiongeza kitambaa kilichokazwa kwa nje, uvimbe hauna pa kwenda, unabana mishipa ya damu. Na ule mshipa mkubwa wa mbele ya kiwiko niliosema tuukumbuke, nao unaweza kubanwa au kuchomwa na ncha ya mfupa. Misuli ikikaa bila damu kwa masaa sita hivi inaanza kufa, na msuli uliokufa haurudi. Unageuka kovu, kovu linajikaza, linavuta vidole.

Wala si jambo la huku kwetu tu. Mwaka 1881 daktari mmoja Mjerumani, Richard von Volkmann, wa mji wa Halle, aliandika juu ya mikono iliyokufa hivi hivi baada ya kufungwa bandeji za kubana. Mpaka leo tatizo hili linaitwa kwa jina lake. Na kwa sababu hii ni blogu ya burudani niwaongezee: huyu daktari alikuwa pia mtunzi wa hadithi za watoto! Alitoa kitabu cha hadithi mwaka 1871 akitumia jina la bandia la Richard Leander. Mtu mmoja, majina mawili, kama wasanii wetu.

Ninachotaka mwone ni kwamba bandeji alizozisema Volkmann zilifungwa na watu waliosoma. Kwa hiyo msije mkasema tatizo ni wazee wetu wa kienyeji peke yao. Hata P.O.P ya hospitali, ile tunayoiita hogo, inaweza kubana mkono ukivimba baada ya kufungwa. Tatizo ni kufunga halafu kutoangalia vidole.

VIDOLE VINASOMWAJE?

Binamu yangu nesi alinifundisha hivi, na nimewafundisha wengi mpaka vijiweni kwa bodaboda. Haihitaji kipimo wala hela.

Kwanza, rangi. Bonyeza ukucha wa mgonjwa mpaka upauke, kisha achia. Rangi ya damu inatakiwa irudi kabla hujamaliza kusema "Karagwe, Kyerwa". Ikichelewa, damu haifiki vizuri. Sisi weusi usitafute rangi kwenye ngozi, itafute chini ya ukucha.

Pili, joto. Shika vidole vya mkono ulioumia na vya mkono mzima kwa pamoja. Kimoja kikiwa cha baridi kuliko mwenzake, hiyo ni habari mbaya.

Tatu, hisia. Mwambie afumbe macho, mguse ncha ya kila kidole, akwambie umegusa kipi. Ganzi au sindano sindano ni dalili.

Nne, mambo matatu ya kufanya kwa vidole. Mwambie anyanyue dole gumba kama anakubali posti yako. Mwambie agusanishe gumba na kidole cha shahada watengeneze duara, ile alama ya "safi". Halafu atanue vidole vyote kama feni. Gumba juu ni mshipa ule wa MC. Duara ni mshipa mwingine unaopita katikati ya kigasha. Kutanua ni ule wa shoti ya kiwikoni. Mishipa mitatu, ishara tatu, na hata mtoto wa miaka minne anaweza kuicheza kama mchezo.

Tano, na hii ndiyo kubwa. Nyoosha vidole vyake wewe mwenyewe taratibu. Akipiga kelele za maumivu makali kuliko hata pale palipovunjika, na kama maumivu yanapanda badala ya kushuka, usingoje kupambazuke. Legeza kila kilichofungwa, vitambaa na mianzi vyote, halafu mgonjwa aende hospitali usiku huo huo. Kama ni hogo, usilikate kwa kisu nyumbani, rudi nalo hospitali saa hiyo hiyo ulegezwe.

Na usiangalie mara moja tu. Angalia kabla ya kufunga, angalia baada ya kufunga, halafu usiku wa kwanza kila unapoamka kumgeuza mtoto, angalia tena.

Kuna mama mmoja, muuza ndizi hapa Omurushaka, ambaye alishawahi kulisikia hili kliniki. Binti yake alianguka kwenye ngazi ya kuvunia, akavunjika pale pale alipovunjika yule mtoto wa mparachichi. Walianza kwa jirani wa kumfunga. Saa nne usiku mama akashika vidole, vya baridi. Alifungua kitambaa chote mwenyewe huku watu wakimgombeza kwamba anaharibu, akaubeba mkono wa mwanawe kwa kanga, akamuamsha dereva wa bodaboda. Binti alipelekwa rufaa, akafanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma vya muda. Leo ni mshambuliaji wa timu ya netiboli shuleni kwao. Mti tofauti, mvunjiko uleule, na kilichowatenganisha watoto hawa wawili ni mama aliyegusa vidole saa nne usiku.

AJALI NYINGINE ZA KWETU

Panga. Unakata majani ya mgomba, kulia panga, kushoto umeshika jani. Panga linateleza linakugusa kidole upande wa ndani. Kidonda ni kidogo, damu inakata, unafunga unaendelea na kazi. Wiki mbili baadaye kidonda kimepona ila kidole hakikunji. Kumbe kano ilikatika na ncha yake ikarudi ndani kama kamba ya breki iliyokatika. Kano inashonwa vizuri ikiwahiwa siku za mwanzo. Kwa hiyo kila kidonda cha kiganja au kidole, hata kiwe kidogo vipi, jaribu kukunja kila kiungo na kugusa ncha. Kimoja kikigoma, nenda ukashonwe kano, usiridhike na kushonwa ngozi. Na uombe sindano ya pepopunda.

Kumnyanyua mtoto mkono mmoja. Hii naiona kila siku gulio likifumuka, mama anampandisha mtoto wa miaka miwili kwenye bodaboda kwa kumvuta mkono mmoja. Kiungo cha kiwiko cha mtoto mdogo bado ni laini, mfupa mmoja unachomoka kidogo kwenye pete yake. Mtoto anaacha kuutumia mkono, anauning'iniza tu, na hakuna uvimbe. Mtaalamu anaurudisha kwa sekunde chache na dakika chache baadaye mtoto anacheza. Ila mtoto anyanyuliwe kwa kushikwa kwapani, tuelewane.

Bibi zetu. Bibi anateremka kisimani, utelezi, anaangukia kiganja. Kifundo kinapinda kama uma wa kulia chakula ukiulaza mezani. Daktari Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Alitumia macho na vidole vyake tu. Na eksirei ilipokuja mwaka 1895, moja ya picha za kwanza kabisa alizopiga Röntgen ilikuwa ya mkono wa mke wake, na pete inaonekana kidoleni. Hapo mjifunze na jambo: mkono ukiumia, vua pete, saa na bangili mapema. Ukishavimba pete inageuka kitanzi.

Halafu kuna bodaboda, na hii inawachanganya wengi. Kuna kijana mmoja alikuwa anapiga gitaa la besi kwenye kwaya, vidole vyepesi balaa. Pikipiki ilimrusha mteremkoni, akatua bega na kichwa vikavutwa pande mbili. Eksirei ikaonyesha mifupa yote mizima. Lakini mkono ukaning'inia tu, hauhisi, haunyanyuki. Ndugu wakaanza maneno, mara anadeka, mara amekuwa mvivu, mara kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi mishipa ya fahamu. Mizizi mitano ya mishipa inayotoka shingoni kwenda mkononi ilikuwa imevutwa, mingine kung'oka. Upasuaji wake unafanywa na mabingwa wachache, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafasi nzuri. Yeye alitumia mwaka mzima kwa waganga. Siku hizi anafundisha kwaya kwa mdomo, anawaimbia sauti ya besi wanaoshika gitaa. Ukimwangalia akiimba utaona vidole vya mkono mzima vinacheza juu ya paja.

SASA TUFANYEJE?

Najua mtaniambia hospitali ni mbali na hela hakuna. Ni kweli, mimi naishi huku huku. Lakini tusijifanye hakuna kitu. Karagwe tuna Nyakahanga, Kyerwa tuna Isingiro, na tangu Kyerwa iwe wilaya yake mwaka 2012 huduma zimesogea kuliko enzi za wazazi wetu. Lami ya Kyaka hadi Bugene imefupisha safari ya Bukoba kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Zaidi ya hapo kuna Bugando kule Mwanza, na mwisho wa reli ni MOI pale Muhimbili, taasisi ya mifupa iliyoanzishwa mwaka 1996. Safari inaanza na aliyekuwa karibu na mgonjwa kujua kwamba huyu wa leo si wa kusubiri.

Mtu akiumia mkono, usiuvute na usiusugue. Uache ulivyo, uegemeze kifuani kwa kanga iliyofungwa shingoni, kiganja kikae juu kidogo ya kiwiko. Kama kuna kidonda kinachovuja, kandamiza kwa kitambaa safi, usiweke majivu wala unga wa kahawa. Kama mfupa umetokeza nje, usiurudishe ndani, ufunike tu. Asile chochote mpaka aonwe, maana anaweza kuhitaji kuingia chumba cha upasuaji. Na njia nzima mshike vidole.

Kwa wazee wetu wanaounga mifupa, mimi siwatukani. Wametibu vizazi, na mifupa mingi kweli inaunga mikononi mwao. Binamu yangu alikwenda kwa yule mzee wa mwanzi, hakwenda na polisi, alikwenda na kilo ya sukari. Walikaa nje wakaongea karibu nusu siku. Alimwonyesha ile ya kubonyeza ukucha. Mzee alijibonyeza yeye mwenyewe mara nyingi, kimya, kisha akaomba aonyeshwe tena taratibu. Siku hizi kabla hajafunga anabonyeza, na akifunga anaacha nafasi ya kidole kupita chini ya kitambaa. Watoto waliovunjika karibu na kiwiko hawapokei kabisa, anawaandikia mwenye pikipiki namba ya simu. Mwaka jana alituma watatu.

Kwa hiyo wadau, posti hii msiiache imekaa hapa tu. Mtumie mama mwenye watoto wanaopanda miti, mtumie kijana wa bodaboda, na kama mzee wenu wa mifupa hana simu, mchukulie sukari umpelekee mwenyewe, ukamwonyeshe kwenye ukucha wako.